Filema Katika Kanisa la Tembe

Kimbelembele changu ndicho kilichoniponza, na nakisema mwenyewe kabla wajukuu hawajanisemea. Enzi za Mwingereza nilikuwa mwalimu wa kusoma katika kanisa la kijiji kimoja, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Dodoma mjini kuelekea Hombolo. Mchungaji wetu alikuwa Mzungu mrefu aliyependa Kigiriki kuliko chakula. Kila Alhamisi alinifundisha maneno matano, nami nikatembea kijijini kifua mbele kama mtu aliyepata ng'ombe.

Alhamisi moja tukafika kwenye neno filema. Barua za mtume zinawaagiza waumini wasalimiane kwa filema takatifu, na sisi miaka yote tulikuwa tukipeana mikono. Mchungaji akapiga meza.

"Mkono haumo! Kigiriki kinasema busu, mwalimu. Busu la mdomo!"

Badala ya kunyamaza, nikajidai. Nikamwambia Jumapili nitalieleza neno hilo mwenyewe mbele ya watu. Nani alinituma? Nilikuwa nimeposa, na nilitaka wakwe wajue wanampata mtu wa namna gani.

Sasa, kwetu Ugogo, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Ukimwona anakuja njiani, unaingia porini hata kama ni miiba mitupu. Humgusi, huli mbele yake, hata alipoketi huketi. Mama wa mchumba wangu nilimjua kwa mgongo tu. Mahari ilikuwa imefika nusu, na kama ningemkosea adabu mama yule hata mara moja, ng'ombe wangerudishwa na binti angebaki kwao. Nami binti yule nilimpenda hadi nikawa nasahau kula.

Ijumaa wazee wa kanisa walikaa kutafuta nani anaweza kumbusu nani. Wapi! Huyu mkwe wa yule, yule kaoa kwa huyu, na wale wawili hawasemezani kwa ajili ya shamba. Hadi jua linashuka walikuwa wamepata jozi moja tu: mchungaji na mkewe. Tukampelekea taarifa. Akafurahi, akasema hata mitume walianza wachache.

Jumapili nikalieleza filema vizuri mno, mpaka watu wakaacha kukohoa. Mchungaji akaamuru mabenchi yageuzwe, ya wanaume yatazamane na ya wanawake, kila mtu amwendee aliye mbele yake. Nikainua macho. Mama yangu! Mbele yangu hasa, kaniki imevutwa hadi puani ili nisimwone uso, alikuwa mama mkwe.

"Mwalimu," mchungaji akasema, "tuonyeshe mfano."

Miguu ilianza kabla yangu. Mlango ulikuwa upande wake, naye akauwahi. Mimi nikarukia dirisha. Lakini dirisha la tembe, nyumba zetu hizi za udongo, hutobolewa kwa ajili ya hewa, si kwa ajili ya walimu. Kichwa kikapita, mabega yakapita kwa taabu, mkanda ukanasa kwenye mti wa dirisha. Nikabaki nusu kanisani, nusu duniani. Kule ndani mchungaji akanidaka miguu, anavuta, anasema, "Usiliogope neno, mwalimu!"

Kumbe mama mkwe naye alikuwa anakimbilia nyuma ya kanisa, ajifiche nisimwone. Akazunguka kona, na kichwa changu hiki hapa, kinaning'inia ukutani. Nikafumba macho. Niliona aibu mpaka nikataka kulia, maana nilijua binti ndiyo basi tena. Utaingiaje porini ukiwa umenasa ukutani?

Nilipofumbua, alikuwa amenipa mgongo, kaniki imefunika kichwa chote. Mkono wake mmoja ulikuwa umerudi nyuma, umeshika fimbo yake ya kuswagia ndama, ile aliyoiacha nje wakati wa kuingia ibadani. Ncha ya fimbo ikawa inapapasa hewani. Ikanigonga pua, ikanigonga sikio, ikashuka kutafuta mikono yangu.

"Shika," akasema.

Nikashika. Akavuta kama anamtoa ndama topeni, bila kugeuka. Mchungaji naye akavuta upande wake. Kwa kitambo sikujua nitabaki wa nani. Kaptura ndiyo iliyoamua: ikachanika, mchungaji akabaki na kipande, mimi nikabwagwa vumbini. Nilipoinuka mama alikwisha kufika mbali, anakwenda upesi.

Nikarudi kwetu nimejifunga shati kiunoni, nikakaa kutwa nikisubiri ng'ombe warudi. Alikuja mjomba wa msichana, mkono mtupu. Akasema mama ameridhika, kijana ana heshima, mahari imaliziwe kabla ya mvua. Mchungaji alikasirika wiki mbili, kisha tukaendelea kupeana mikono. Kaptura sikurudishiwa.

Tuliishi jirani zaidi ya miaka thelathini, mama mkwe na mimi, na hakuniambia neno jingine tena. Alipofariki, mke wangu alirudi kutoka matangani amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa kaniki. Mama aliagiza nipewe mimi, mke wangu akasema, na yeye hakujua kwa nini. Akakifungua, akaninyooshea huku amegeuza uso, maana alikuwa analia.

"Shika," akasema.