Mwanafunzi Wangu Anaharibu Programu Yake Makusudi

Admin, jina langu usilitoe, Nyeri ni mji mdogo. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, mtu wa Busia, kule mpakani na Uganda. Nafundisha takwimu na programu za kompyuta chuo kikuu, pia bioinfomatiki, yaani kutumia kompyuta kusoma chembe za urithi. Sina mume, sina mtoto, naishi peke yangu mtaa wa Gatitu. Majirani ni watu wazuri. Wananisalimia kwa Kiswahili, kisha wanarudi kwa Kikuyu chao, nami nabaki nikitabasamu kama picha ya ukutani.

Zamani kazini sikuwa mpweke. Programu ya mwanafunzi ikikataa, alikuja ofisini tukatafuta kosa pamoja, na kabla hatujalipata nilishajua kwao ni wapi na kama mama yake ni mzima. Siku hizi wanaiuliza akili bandia kwenye simu na inawajibu papo hapo. Siwalaumu, hata mimi naitumia. Lakini nakaa na mlango wazi mpaka chai inapoa, na inauma, nisiwadanganye.

Amebaki mmoja tu. Nitamwita Wambui, binti wa muuza nyanya wa Kagio. Kila Alhamisi jioni anabisha.

"Madam, niko na shida. Hii code imekataa ku-run kabisa!"

Natafuta, nakuta hajafunga mabano, au ameruka koma. Namgombeza, anacheka, namimina chai, ananipa umbea wote wa soko la Kagio. Hiyo Alhamisi ndiyo wiki yangu yote.

Sasa Ijumaa moja nilipita maabara ya kompyuta nikamwona amezungukwa na wenzake. Alikuwa akirekebisha programu ya kijana mmoja bila hata kuketi, na kosa lilikuwa la mabano, lile lile aliloniletea jana yake. Baadaye nikamuuliza yule kijana, Wambui anaendeleaje na masomo?

Akashangaa. "Wambui? Ai, madam, si huyo ndiye hutusaidia sisi wote? Na hata AI hatumiagi."

Ndipo nikaelewa. Huyu mtoto anaharibu kazi yake mwenyewe, kisha ananiletea, ili nisikae peke yangu. Nililia kwenye choo cha wafanyakazi. Sijui nililia kwa furaha au kwa aibu. Nimefika mahali pa kuhurumiwa na mwanafunzi!

Ningenyamaza ninywe chai yangu. Lakini imetokea nafasi ya shahada ya uzamili Nairobi, yenye ufadhili, na hakuna anayeistahili kumpita. Nilimwambia aombe. Akaangalia kikombe chake.

"Siwezi, madam. Si unaona venye code yangu hukataa kila wiki? Wacha tu nikae hapa karibu."

Ati sasa uongo wake wa huruma umekuwa kisingizio. Nikimwambia najua, hatakuwa na la kusema, ataomba na ataipata. Lakini sidhani kama atabisha tena mlango wangu akijua nimemgundua. Nikinyamaza, ninaye.

Maombi yanafungwa Ijumaa. Kesho ni Alhamisi, na nimeshanunua mandazi. Ndugu zangu, hasa nyinyi mnaoishi mbali na kwenu, akiingia kesho aniambie ana shida, nimjibu nini?