Hata Kuku Huangalia Juu

Iko siku moja naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na wala haikuwa siku ya furaha. Ilikuwa siku ya kumzika baba mkwe wangu, kule Kambove.

Mwanangu, kaa vizuri unisikilize. Mimi sikusoma sana, shule tuliachana mapema na hakuna aliyemlilia mwenzake. Nyumba hii ninayokaa hapa mtaa wa Golf ilijengwa na unga wa mahindi niliouza sokoni, gunia juu ya gunia, na hakuna aliyenipa tofali la bure. Kwa hiyo nikikuambia jambo, sijalitoa kitabuni. Hili nimelitoa kaburini.

Mume wangu, Baba Nadine, wakati ule alikuwa ameshapita miaka arobaini. Alikuwa dereva mgodini, aliendesha yale magari makubwa ya kubeba mawe, ambayo tairi lao linamzidi mtu kimo. Kazi nzuri. Watoto walikula bukari yao, ndio ugali wetu, na samaki, wakalala wameshiba. Lakini tangu utoto wake alikuwa na ugonjwa mmoja: helikopta. Ikipita, anasimama. Akiwa anakula, kijiko kinasubiri. Watu wa Kambove wakampa jina, Papa Angalia-Juu, na mimi nikawa Mama Angalia-Juu, jina ambalo sikuliomba kwa mtu.

Basi tulikuwa kaburini. Jeneza limeshashuka, padri amemaliza, watu wameinamisha vichwa. Ikapita helikopta ya wale watafuta madini. Vichwa vyote vikabaki chini, kimoja kikapanda. Mtoto mkubwa wa marehemu! Mkononi amekamata udongo wa kumtupia baba yake, macho yako mawinguni.

Na Mzee Mwape akamwona.

Lazima nikueleze huyu mzee. Alikuwa mstaafu wa reli, mwembamba, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko msumeno. Yeye ni wa ukoo wa Chui. Mume wangu, kama baba yake, ni wa ukoo wa Mbuzi. Chui na Mbuzi ni watani tangu mababu, na utani huo kwetu tunauita bunungwe. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya askofu, huna ruhusa ya kukasirika. Anaweza kuingia kwako akachukua kitu, huna ruhusa ya kukataa. Na ukifa, yeye ndiye anayekuzika. Akitaka, anasimamisha maziko mpaka apewe anachodai, kuku au kitu kidogo cha mfukoni, ndipo udongo urudi shimoni. Ni mchezo, lakini mchezo wenye meno.

Mzee Mwape akaketi ukingoni mwa kaburi, miguu inaning'inia ndani.

"Musimame! Hakuna kufukia! Bena Mbuzi, muangalie mutoto yenu. Baba yake eko mu shimo, yeye macho iko mbinguni. Weye mbuzi, unatafuta nini kule juu? Majani inaota kule?"

Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Shangazi wa mume wangu akatoa noti haraka ili yaishe.

"Mama, rudisha feza yako," Mzee Mwape akasema. "Lelo sitaki feza, sitaki kuku. Nataka neno." Akamgeukia mume wangu, na kicheko kikafutika usoni. "Mi njo nitakuzika siku moja, unajua. Siku ile nitasema nini mbele ya bantu? Niseme, huyu alikuwa muntu ya kuangalia juu? Ata kuku inaangalia juu ikikunywa maji! Chagua. Sema hapa, baba yako asikie: umeacha, tucheke, twende tukakule. Ao sema utaiendesha ile helikopta."

Mwanangu, kilikuwa kitu chepesi kusema "nimeacha". Tungecheka, tungeenda kula. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona jasho linashuka shingoni.

"Nitaiendesha," akasema chini chini.

"Sema kwa nguvu! Mufu haina masikio ya mutoto."

"Baba, nitaiendesha!"

Mzee Mwape akainuka, akatupa udongo wa kwanza. "Mufu amesikia," akasema. "Mi pia."

Ahadi ni deni, wanasema. Lakini deni la aliye hai unaweza kumwomba akuongezee siku. Aliyekufa utamwomba vipi?

Kilio hakijaisha, maneno yakaanza. Yule shangazi akanifuata nikiosha vyombo. "Mama Nadine, bwana yako atakaa ku masomo na batoto, mukubwa muzima? Na bukari ya batoto, ndeke njo itaiangusha kutoka juu?"

"Hapana, shangazi," nikamjibu. "Nitaiangusha mimi."

Na niliiangusha. Sijivuni bure, nasema kilichokuwa. Pesa ya shule ilitoka wapi? Ilitoka kwenye malipo ya mgodini alipoacha kazi, na ilipoisha ikatoka ungani. Sokoni wenzangu waliniuliza kila asubuhi, "Mama Angalia-Juu, bwana yako anaruka lini?" Nikawaambia, "Akiruka nitawaita, mushikilie bitambaa yenu ku kichwa."

Kwanza ilibidi ajue Kiingereza, maana marubani wanaongea hicho. Kingefundishwa wapi kwa bei yetu? Nikamchukua hadi Kasumbalesa, mpakani, nilikokwenda kununua unga. Kule malori ya Zambia yanapanga foleni ndefu, madereva hawana la kufanya ila kuongea. Mume wangu akapanda lori hili, akashuka, akapanda lile, akiwauliza habari za injini, za mvua, za wake zao. Alirudi nyumbani koo limekauka na maneno mapya kichwani. Baadaye, huko Afrika Kusini alikokwenda kusoma, mwalimu alimwuliza Kiingereza chake amekipata chuo gani. Akajibu, "Kwenye foleni ya malori." Mwalimu alidhani ni utani.

Wahenga wametuachia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakutuambia mtaka cha angani afanye nini. Mimi nimeishi na mmoja, kwa hiyo nitakuambia: huyo naye sharti ainame. Baba Nadine, aliyezoea kuitwa mukubwa na vijana wa mgodini, aliketi darasani na watoto wa kuzaa mwenyewe. Walimwita Babu. Walimfundisha kutumia kompyuta, akawashukuru. Ni wanaume wangapi unaowajua wanaoweza kumwambia kijana asiye na ndevu, "Nieleze tena, sijaelewa"? Mimi namjua mmoja, na nilizaa naye.

Kilichomshinda ni kuisimamisha hewani. Kwenda mbele aliweza. Lakini helikopta ina kazi moja ambayo ndege nyingine haina, kukaa juu mahali pamoja kama imetundikwa. Akanipigia simu. Sauti ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

"Mama Nadine, nimeshindwa. Batoto ya jana banaisimamisha. Mi inanikimbia sawa mbuzi ya kukata kamba. Minarudi."

Mwanangu, mwanamke mwingine angembembeleza. Mimi bembeleza sina.

"Rudi," nikamwambia. "Mulango iko wazi. Lakini usipite ku nyumba kwanza. Pita Kambove, ku kaburi, umuambie baba yako weye mwenyewe. Ukitoka pale, umupitie Mzee Mwape."

Akauliza, "Mzee Mwape eko muzima?"

"Muzima kabisa. Juzi alikuya akakamata kuku yangu."

"Basi," akasema, "wacha nijaribu tena kesho."

Shida yake ilikuwa mkono. Lile gari la mgodini ukitaka ligeuke unalishurutisha. Helikopta haitaki kushurutishwa, inataka mkono uliolegea, mkono wa mtu anayeshika yai. Kijana anajifunza tu, mambo yanamwingia kama maji kwenye mtungi mtupu. Mtu mzima mtungi wake umejaa. Lazima amwage kwanza, na kumwaga ulichokitegemea miaka yote kunauma. Alimwaga. Siku ile mashine ilipotulia hewani chini ya mkono wake, aliniambia, hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba, unaona?"

Kazi haikuja mbio. Alikaa kiti cha pembeni muda mrefu, akiwasaidia marubani wadogo kwake kwa umri. Lakini ilikuja. Akawapeleka watafuta madini porini, na masika barabara zilipokatika akapeleka dawa za chanjo vijiji ambavyo gari haliwezi kuvifikia. Kina mama kule walimletea muhogo na kuku kumshukuru, akiruka anasafiri na jogoo.

Siku ya kwanza aliyokwenda Kambove na shati lake jeupe lenye mistari mabegani, na miwani nyeusi ya rubani, alikwenda moja kwa moja kaburini, kisha kwa Mzee Mwape. Mzee alimzunguka kama anayekagua ng'ombe wa kununua. Hakumpongeza. Alinyoosha mkono, akamvua miwani, akajivalisha.

"Hii ya chui," akasema, akaingia ndani kwake.

Tangu siku hiyo aliivaa sokoni, aliivaa misani, aliivaa mvua ikinyesha. Ukimwuliza imetoka wapi anajibu, "Niko na mbuzi moja inaruka."

Miaka ikapita, Mzee Mwape akafa, ameshiba siku zake. Na kwa kuwa mtani ndiye anayemzika mtani, zamu ilikuwa ya Baba Nadine. Jeneza liliposhuka, mume wangu akaketi ukingoni na shati lake la kazi, miguu ndani ya shimo.

"Hakuna kufukia! Huyu chui alikamata miwani yangu. Munirudishie, ao akae hivi hivi jua imupige!"

Mjane akasimama. "Iko mu sanduku, baba. Eko nayo ku macho. Alisema mwenyewe, mukinizika bila miwani ya mbuzi yangu, nitarudi niwasumbue."

Watu walicheka mpaka wakalia, au walilia mpaka wakacheka, sijui kipi kilitangulia. Baba Nadine alikaa pale, mdomo umefunguka, sauti haitoki. Mwisho akachota udongo.

"Wende nayo, chui. Weye uliniambia ata kuku inaangalia juu. Sasa njo zamu yako. Nikipita, uangalie juu."

Leo amestaafu. Anakaa barazani kwangu hapa Golf, ananilalamikia chumvi. Helikopta ikipita, kijiko bado kinasubiri.

Basi sikiliza, mwanangu. Kuangalia juu si kosa, ila hata kuku huangalia juu, kisha hurudisha kichwa chini akaendelea kudonoa. Ukiwa na jambo moyoni, litamke mahali ambapo kulirudisha kinywani ni aibu. Usimtafute anayekusifu, mtafute mtani wako, yule atakayekuuma mpaka uinuke. Usiniambie umechelewa. Kawia ufike, lakini ukichelewa, chelewa ukiwa unatembea, usichelewe umekaa. Mkubwa akubali kuinama, na anayeishi naye ashikilie sufuria. Mimi niliishikilia, na mkono haujanyauka.

Mungu akupe mkono mwepesi na shingo isiyochoka. Wazee waliolala katika udongo mwekundu wa Katanga wakuombee njia. Na siku yako itakapofika, iwe mbali sana, mtani wako aketi ukingoni mwa kaburi lako, afungue mdomo akucheke, akose la kusema.