Betri Ilipolia Barabarani

Brathe wangu ni daktari, lakini si wa sindano. Amesoma mpaka madarasa yakaisha, sasa ni mtafiti. Kazi yake ni kuweka protini ya malaria ndani ya kompyuta, na dawa kando yake, aone kama zitashikana. Mtikisiko mdogo hivyo wa protini, kompyuta inaupigia hesabu wiki na wiki. Mimi ningekuwa nimeshaitupa.

Siku hiyo mchana hesabu ilikuwa karibu kuisha, stima ikapotea. Hapa Shauri Moyo stima hupotea upande mmoja. Ng'ambo ya barabara, kwa fundi wa kuchomelea, cheche zilikuwa zinaruka tu.

"Beba betri ya kompyuta, tuvuke kwa fundi," brathe akaniambia.

"Si uzime tu?"

"Faili inaweza kuharibika. Beba!"

Akafunika kompyuta na leso ya kujifunga ya mathe, ikiwa bado inawaka. Mimi nyuma na betri, waya katikati yetu. Ile betri ikikosa stima hulia, piii, piii, hainyamazi. Na tulikuwa tunakimbia.

"Mwizi! Hiyo ni alarm inalia! Shika yeye!" watu wa barabarani wakapiga kelele.

Ngumi ya kwanza ilimpata brathe sikio la kushoto. Angeachilia kompyuta angejikinga, lakini aliikumbatia, wakampiga walivyotaka. Mbao, viatu, jiwe. Waya ukang'oka. Niliuma mkono wa mtu mpaka nikaonja damu yake.

"Hata msichana ni mmoja wao! Leteni tairi!"

Fundi akatoka na chuma bado chekundu. "Wa kuleta tairi nitamchomelea nayo! Huyu anaimba besi kanisani kwetu. Na nyinyi, mwizi gani huja kuiba na dadake mchana?"

Mmoja akacheka. Wengine wakakumbuka walikuwa wanaenda wapi. Hakuna aliyesema pole.

Brathe, meno mekundu: "Imezima?"

Nilitaka kumpiga mimi mwenyewe.

Kwa fundi tukaiwasha, imebonyea lakini nzima. Programu ilikuwa imejihifadhi yenyewe kabla hata hatujatoka nyumbani. Faili haikuwa na shida yoyote. Brathe alisoma mistari hiyo kwa skrini, akatema damu kwa leso, akaisoma tena.

Hesabu iliisha. Sikio halikupona, na lile la kulia halishiki tena mlio mwembamba.

Siku hizi stima ikipotea, betri inalia na yeye anaendelea kuandika. Lazima nimguse bega.

"Inalia."

Anazima, bila kubishana.