Gunia la Vipuri vya Mke Wangu

Jumamosi tarehe 14, saa nne asubuhi, mwenyekiti wa maonyesho ya baiskeli za kale aliitazama baiskeli ya marehemu mke wangu, akacheka.

"Mzee, hii si ya kale tena. Gia mpya, rimu mpya, breki mpya. Bado injini tu!"

Watu wakaangua kicheko. Sikusoma sana, lakini kejeli naijua.

Mke wangu alisambaza maziwa kwa baiskeli ile miaka ishirini na sita. Alipougua, wakubwa wa zahanati walimwambia arudi Jumatatu. Jumapili tukamzika.

Tangu hapo mtu mwenye kiti cha kuzunguka cha ofisini simwamini.

Nilitaka kitu kimoja tu: baiskeli ipewe kibao cha ukale, na jina lake liandikwe pale.

Masharti nilifuata. Katibu wao alinieleza kwa mdomo wake: "Fremu ikiwa ya zamani, na namba yake imegongwa chini, hata ukibadilisha vingine inahesabika. Ila ulivyovitoa tuletee, tuvikague."

Nikawapelekea gunia zima wiki mbili kabla. Siti, kengele, pedali, usukani, mpaka rimu na breki.

"Gunia langu liko wapi?" nikamuuliza katibu.

"Lipo stoo, baba. Subiri tumalize."

Stoo ina kufuli. Ufunguo anao nani? Mwenyekiti.

Mh.

Binti yangu akanivuta shati. "Baba, usianze."

Sikuanza. Nilikaa, macho kodo.

Saa sita wakatangaza mshindi wa kibao. Nani? Mwenyekiti mwenyewe!

Nikapanda jukwaani kama naenda kumpongeza. Siti ya baiskeli yake ilikuwa ya ngozi, ina mshono wa msalaba wa uzi wa bluu.

Mshono ule aliushona mke wangu kwa sindano ya magunia, mimi namshikia taa. Kengele na pedali nazo zilikuwa za gunia langu.

Nikainama, nikapapasa chini ya fremu. Laini. Namba hakuna. Fremu mpya kabisa, imepakwa rangi ionekane imezeeka.

"Toka hapo mzee, unaichafua!" mwenyekiti akafoka.

Ndugu zangu, ukikabidhi kitu chako kwa kamati, wasainishe kwanza. Mimi nilikabidhi kwa maneno matupu.

Nikamgeukia mwenyekiti, nikamuuliza mbele ya umati wote:

"Yangu ina fremu ya mke wangu na vipuri vipya, mmeikataa. Yako ina vipuri vya mke wangu na fremu mpya, mmeipa kibao. Sasa mheshimiwa, kwenye hicho kibao linaandikwa jina la nani?"