Jeto za Kurudi Ng'ambo

Koki ya bomba nyuma ya nyumba yangu ni ya shaba, na kila asubuhi nikiifungua, harufu yake hubaki vidoleni mwangu. Ni harufu ya shaba iliyoshikwa na mkono wenye jasho. Wengine huiosha kwa sabuni wakaisahau. Mimi harufu hiyo hunirudisha mpaka mtaa wa Buyenzi, kwenye uwanja wa nyumba ya mama yangu, nikiwa na miaka tisa, nimekumbatia kopo la maziwa ya unga lililojaa vibati vya meli.

Ilikuwa miaka ile bendera yetu ilipokuwa bado mpya. Ng'ambo ya ziwa, Kongo, watu walikuwa wakipigana, na walioweza kukimbia walivuka wakaja kwetu Bujumbura. Wengi walikuja na boti za abiria, ambazo watu wa ng'ambo waliziita bato. Abiria aliyelipa safari ya kwenda na kurudi alipewa kibati cha shaba, kilichoitwa jeto, akitunze hadi siku ya kurudi. Wale watu walilipia kurudi kwa sababu waliamini watakaa wiki mbili, labda mwezi.

Jeto ya kwanza nilipewa na mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliyekuja kuteka maji kwetu. Aliitoa kwenye fundo la kitenge akaniwekea mkononi. "Chukua, mutoto. Uchezee," alisema, akajitwika ndoo yake. Ilikuwa ya duara, na tundu katikati. Watoto wenzangu walikusanya vizibo vya soda, na mtoto wa jirani alikuwa na mkusanyo wa makaratasi ya kiberiti uliotutia wivu sote. Nilipoigusa ile shaba nilijua nimewapita.

Tangu siku hiyo sikuwa mtoto wa kukaa naye kwa amani. Mama alikaanga maandazi, na wateja wake wengi walikuwa wakimbizi. Nilikuwa nasimama karibu na karai, nachungulia mifuko ya watu, naomba. Wengine walinicheka, wengine waligeuka wakaenda zao. Lakini kadiri miezi ilivyopita walionipa waliongezeka. Nilipata za pembetatu, za mraba, zenye namba na zenye herufi. Nilizisugua kwa majivu na ndimu, nikazipanga mkekani kwa maumbo, kisha kwa ukubwa, kisha kwa uzuri. Mama aliniangalia akasema nitaishia kukusanya meno ya watu. Siku nyingine alinivuta kando, uso wake hauna mzaha. "Usiwaombe, Zaina. Anayetaka kukupa atakupa mwenyewe." Nilidhani ananifundisha adabu.

Chumba cha nyuma cha uwanja wetu alipanga fundi cherehani mmoja kutoka Kongo, Fundi Bonifasi. Alishona kwenye baraza la duka la Mwarabu, kwa mashine ya mwenye duka. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye sindano kila mara kwenye ukosi wa shati. Siku vita vilipofika kwao alikuwa safarini upande mmoja, mke wake na watoto wawili upande mwingine, na tangu hapo hakujua kama wako hai. Jeto yake aliishonea ndani ya koti, kwenye mfuko usio na mdomo. Niliwahi kuipapasa kwa nje ya kitambaa. Vidole vyangu vilihisi picha ya bato iliyochomoza kwenye shaba, moshi na yote, na katika zangu zote hakuna iliyokuwa kama hiyo.

Alikaa nayo miaka miwili. Kisha mchana mmoja wa mvua, nilipompelekea chai, alilivua lile koti, akakata uzi kwa meno, akanipa ile jeto. Nilikimbia mvuani nikicheka.

Miezi minne baadaye mfanyabiashara mmoja akamletea barua. Mke wake alikuwa hai. Alikuwa Kalemie, bandari ya ng'ambo, na watoto wote wawili, kwa kaka yake, lakini kaka amepata kazi kwenye migodi, mbali sana kusini, na mwisho wa mwezi wataondoka wote pamoja naye. Aliandika: kama unaishi, njoo kabla. Baba alituambia hayo, maana Fundi alikuwa amemsomea barua nzima mara tatu.

Jioni ile ile Fundi alinijia pale bombani, akachuchumaa ili tulingane.

"Zaina, ile jeto nilikupa, iko wapi? Sasa niko na haja nayo."

Ilikuwa ndani ya kopo, chini ya kitanda cha mama. Nilifungua mdomo nikasema, "Imepotea."

"Imepotelea wapi?"

"Kule. Kwenye mfereji."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Ilikuwa nzuri kuliko zote, hilo ni kweli. Lakini niliogopa jambo jingine zaidi, kwamba mmoja akirudi kuchukua yake, watarudi wote, na kopo langu litabaki tupu.

Hakunigombeza. Kesho yake aliazima jembe la baba, akakunja suruali hadi magotini, akaingia kwenye mfereji ule mrefu wa maji machafu uliopita mbele ya nyumba yetu. Mimi nilisimama ukingoni na chekeche ya mama. Yeye alichota tope jeusi, mimi nikalichekecha, na nilichekecha kwa bidii sana, nikitafuta kitu ambacho nilijua hakimo. Tulifanya hivyo siku mbili.

Na kwa siku hizo mbili yule mtu mkimya alizungumza. Aliniambia kuhusu nyumba yake ng'ambo, mipera miwili mlangoni, jirani aliyekuwa akimuibia mapera huku akimsalimia. Aliniambia mwanawe mdogo halali mpaka akunwe mgongo. "Sasa atakuwa mukubwa, pengine atakataa," alisema, akacheka peke yake ndani ya tope. Alikuwa amepanga kila kitu. Bato ya Jumanne, Alhamisi yuko Kalemie. Wapita njia walisimama kumpa pole na yeye akawajibu kwa furaha, "Bibi yangu iko muzima. Na batoto."

Jioni ya siku ya pili sikuweza tena. Nilikwenda ndani nikaichukua jeto, nikaizamisha kwenye tope la chekeche, nikasema, "Fundi, hii hapa."

Aliishika kwa mikono yote miwili. Aliisugua kwa mchanga bombani mpaka ikang'aa kuliko nilivyowahi kuing'arisha mimi.

Jumatatu baba, aliyekuwa mpakiaji mizigo, alimpeleka bandarini, nami nikafuata. Karani wa dirishani aliigeuza jeto, akamwita mwenzake, wakaitazama pamoja. Alikuwa kijana mpole. Ingekuwa heri angekuwa mkali.

"Baba, hii bato iliunguaka mu vita. Na wenye bato walifunga kazi zamani. Jeto zao hazina kazi tena."

"Zote?" Fundi aliuliza.

"Zote, baba. Tangu ule mwaka wa kwanza. Utalipa kama wengine."

Baba alizunguka kwa wapakiaji wenzake, mwenye duka naye aliombwa, lakini kilichopatikana hakikutosha, na Jumanne bato iliondoka. Iliyofuata ilikuwa ya mwezi mwingine, na wakati huo mke wake angekuwa ameshakwenda kusini. Siku ile ya Jumatatu Fundi alikuwa amemshukuru karani, "merci", akageuka, na jeto akaiacha pale dirishani. Karani alimwita. Hakugeuka. Mimi niliichukua.

Na lazima niseme kweli: nilirudi nyumbani moyo mwepesi. Kumbe jeto ilikuwa haifai kitu. Kumbe uongo wangu haukumzuia mtu kusafiri.

Fundi aliishi kwenye chumba chetu cha nyuma miaka kumi mingine, na ndimo alimofia. Barua nyingine haikuja. Gauni langu la harusi alilishona yeye, akanipima mabega, sindano ikiwa kwenye ukosi kama zamani. Wakati huo nilikuwa nimeshaelewa kwamba kila kibati nilichochekelea utotoni ni mtu aliyekaa akafikiri peke yake, akakubali kwamba harudi tena kwao. Mama alilijua hilo tangu mwanzo.

Lakini la Fundi nililielewa nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Nilikuwa nikijutia uongo. Siku hizi najutia kwamba sikuweza kuushikilia. Siku mbili zile, akiwa katika tope hadi magotini, akitafuta, alikuwa bado na mke, na watoto wawili, na bato ya Jumanne. Hakuwahi kuwa navyo tena.