Tairi za tela la mtumbwi: nilivyokaa juu ya jiwe Kitangiri mpaka chuma kikapoa

Wakuu wa humu, walio rika langu habari zenu, na mlio wadogo shikamoo zenu nimeshazipokea kabla hamjaandika.

Mimi ni bibi wa Ulemo, Iramba. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo herufi zikikosea mtanivumilia. Majina na mambo sijasahau hata moja. Ninayoandika hapa niliyafanya kwa mikono hii, na baadhi ya waliokuwepo bado wako hai. Mwenye kunikana aje anikane hapa hapa.

Juzi nimesoma mtu anauliza afunge tairi gani kwenye tela la boti lake dogo. Akajibiwa afunge zozote, tela halina injini. Wengine wakaweka vicheko, uzi ukafa.

Mimi sikucheka. Kwa maneno kama hayo nusura ninyang'anywe mtumbwi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Mume wangu Elia alikuwa na mtumbwi wa mbao, anavua Ziwa Kitangiri. Ziwa lile likipungua linaacha tope refu, na mtumbwi ukibaki pale unapasuka kwa jua. Kwa hiyo kiangazi tulikuwa tunaupandisha nyumbani kwa tela, mvua zikianza tunaushusha. Tela lenyewe fundi wa Singida alilichomelea kwa ekseli ya pikapu iliyokufa.

Elia akafariki kiangazi, mtumbwi uko nyumbani.

Baada ya matanga ukoo ukakaa kikao. Alikuwepo Mzee Kitundu, mdogo wake baba mkwe wangu, ndiye mwenye neno la mwisho. Alikuwepo Yakobo, shemeji yangu, mdogo wake Elia. Walikuwepo na wazee wengine wa ukoo, Shila, Gunda, na akina Mkumbo wawili, mrefu na mfupi.

Yakobo akasema mtumbwi na tela vije kwake. Sababu? Mwaka uliopita gurudumu moja lilipasuka njiani, jingine likakwama halizunguki, na siku zote mbili mimi nilikuwa nimepanda nyuma. Eti magurudumu hayapatani na mwanamke.

Wakuu, mtunza magurudumu alikuwa Yakobo mwenyewe.

Kwetu mke wa ukoo hasimami mbele ya baba mkwe akabishana. Unakaa kwenye mkeka, unasemewa. Mimi siku ile nilikosa wa kunisemea, nikasimama. Nikamwambia Mzee Kitundu anipe safari moja tu. Nikiushusha mtumbwi mpaka Kitangiri bila gurudumu kuharibika, ubaki kwangu na wanangu. Likiharibika njiani, Yakobo achukue.

Mkumbo mfupi akaguna. Mzee Kitundu hakunitazama usoni, alitazama fimbo yake, akasema, "Haya. Mtumbwi ukigusa maji salama, ni wako."

Nadhani alinikubalia ili niaibike mapema, yaishe.

Kwanza tairi. La kushoto lilikuwa kipara kabisa. La kulia lilikuwa na kashata nzuri, yale meno ya tairi yamesimama vizuri, na Yakobo alikuwa analisifia. Nikalikunja ubavuni kwa kidole gumba. Limejaa nyufa kama udongo wa bwawa lililokauka.

Hapa niwaambie, mimi kazi yangu ni kufinyanga vyungu. Chungu hakidanganyi mfinyanzi kwa kung'aa. Unakipapasa ubavu, maana ubavu ndio unabeba.

Na tairi za tela ni hivyo hivyo. Tela halitembei kila siku kama gari. Linasimama miezi juani, mzigo umelalia sehemu moja. Tairi zake hazifi kwa kulika, zinakufa kwa uzee, kashata bado mpya. Ndiyo maana mnadanganyika.

Nikapanda basi mpaka Singida mjini. Zamani tairi ulikuwa unaandikiwa kibali na unasubiri mpaka unasahau. Sasa zimerundikwa nje ya maduka kama viazi, mpya, mitumba, zilizovalishwa kashata upya, zote zimepakwa dawa nyeusi zinang'aa.

Muuzaji alikuwa Shabani, mtu wa maneno matamu. Akanitolea mbili za gari dogo, pana, za kupendeza. "Mama, hizi ukifunga hata mtumbwi wenyewe utajisikia."

Nikapapasa ubavu. Moja laini, inabonyea kama shavu la mtoto. Ya pili, nilipofuta ile dawa kwa kanga yangu, nikakuta nyufa zimefichwa chini.

Nikamwonyesha. Akasema nyufa si kitu, nitazame kashata. Nikamwambia mimi sinunui kashata, nanunua ubavu.

Nikaingia mwenyewe nyuma ya duka, nikapekua. Nikatoa tatu za pikapu ya mizigo, nyembamba, mbaya sura, ubavu mgumu wa tabaka nyingi. Saizi moja zote tatu, nilizisimamisha pamoja nikazilinganisha, maana tela likiwa na tairi moja refu na moja fupi linavuta upande. Mbili za kufunga, ya tatu spea. Elia, Mungu amrehemu, hakuwahi kubeba spea ya tela hata siku moja.

Shabani akaniuliza kama mume wangu ana lori. Nikamwambia nina vyungu. Akacheka mpaka akakaa chini, lakini alinitafutia tyubu mpya bila kuombwa.

Kituko kilikuwa nyumbani nilipofungua magurudumu.

Mnajua pale katikati, kwenye habu, kuna beringi, na beringi zinataka grisi. Nilipofungua nikakutana na harufu ya mchuzi. Yakobo alikuwa anajaza mafuta ya ng'ombe.

Msimcheke sana. Huku kwetu mikokoteni ya ng'ombe tunailainisha hivyo, na inatembea. Lakini mkokoteni unakwenda mwendo wa ng'ombe, na hauingizwi ziwani. Tela likivutwa na pikapu mafuta yale yanayeyuka yote, yanamwagika, halafu tope la Kitangiri lenye magadi linaingia badala yake. Beringi zilikuwa zimekula kutu, nyekundu kabisa.

Nikanunua beringi mpya na sili mpya za mpira za kuzuia maji. Habu nikaziosha kwa mafuta ya taa, nikazikausha. Grisi niliishindilia kwa kiganja, kama unavyoshindilia udongo mpaka upepo wote utoke. Yakobo akapita akaniona nimejaa grisi mpaka kwenye viwiko. Akasema, "Shemeji, unapika au unaoga?" Nikamwambia naandaa safari yako ya kushuhudia.

Upepo nikajaza kabla hatujaondoka, tairi zikiwa baridi, zikaze. Tairi la tela ukiliacha legevu kama la gari la kutembelea linachemka ubavuni, ndiyo lile lililopasuka mwaka wa nyuma.

Siku ya safari pikapu iliendeshwa na Msengi, dereva wa Misigiri. Mzee Kitundu alikaa mbele. Mimi na Yakobo nyuma.

Tulipotembea kidogo tu nikagonga bati, Msengi akasimama. Nikashuka na spana, nikakaza nati zote upya, kwa kukingamisha, ya juu halafu ya chini, ya kulia halafu ya kushoto. Ringi ikishafungwa upya, nati hukaa vizuri ikishatembea, ndipo unakaza mara ya pili. Zilizunguka zote, wakuu. Zote. Yakobo akasema kwa sauti tutafika Krismasi.

Kwenye mteremko wa kushukia bondeni tukasimama tena mara mbili, nikigusa habu kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu. Sawa.

Tukafika ziwani jua liko juu ya utosi. Hapo ndipo safari ilipotaka kuharibika.

Pale Kitangiri kulikuwa na mazoea. Tela likifika, vijana wavuvi wanalikimbilia, wanalifungua kwenye pikapu, wanalisukuma moja kwa moja majini na moto wake. Wanaita kulinywesha. Kama ng'ombe aliyetoka mbali, limechoka, lipewe maji. Na wote waliona ni wema.

Yakobo akarukia ndani ya mtumbwi, akasimama kama nahodha, akapaza sauti wasukume.

Nikachukua jiwe, nikaliweka mbele ya gurudumu, nikakaa juu yake.

Nikawaambia chuma cha moto hakinyweshwi. Chungu kikitoka motoni ukakitia maji kinapasuka. Habu haipasuki, lakini hewa iliyomo ndani inanywea ghafla, na inavuta maji ya ziwa kupitia kwenye sili. Mnaona mmelipoza, kumbe mmelitia kutu tumboni, na safari ya kurudi litakwama.

Wakanicheka. Mmoja anaitwa Gidioni akaniuliza kama na mtumbwi unataka uji kwanza. Yakobo akiwa juu akamwambia Mzee Kitundu, "Baba, si unaona? Safari imemshinda, anaogopa maji. Amri itoke tusukume."

Mzee Kitundu akaja mpaka nilipokaa. Mkwe wangu yule, wakuu, nilikuwa sijawahi kumtazama machoni tangu niolewe. Siku ile nilimtazama.

"Baba, ulisema mtumbwi uguse maji salama. Hukusema saa ngapi."

Aliinama taratibu, akaweka kiganja kwenye habu, akakiacha pale. Halafu akamwambia Msengi awashe moto, wapike.

Ugali ukapikwa, samaki wakachomwa, watu wakala. Mimi nilikula nimekaa juu ya jiwe langu. Yakobo alikataa kushuka, akala kwenye jua kule juu, jasho linamtoka.

Nikagusa habu ya kushoto, nikagusa ya kulia. Baridi. Nikaondoa jiwe.

Tela likashuka kimya, mtumbwi ukainuka wenyewe ukaelea. Tukavuta tela juu, nikazungusha magurudumu kwa mkono, yanazunguka bila mlio.

Mzee Kitundu akaita kwa sauti watu wote wasikie: "Yakobo, shuka. Ukitaka kupanda, muombe mwenye mtumbwi."

Akashuka. Maji yalimfika kiunoni.

Tairi zile nilizitumia miaka mingi. Kiangazi nainua tela juu ya magogo magurudumu yasiguse chini, nayafunika magunia jua lisiyale. Kila baada ya msimu nafungua habu, naosha, natia grisi mpya. Hakuna uchawi mwingine.

Nililojifunza ni hili: anayekuambia jambo dogo halihitaji akili, mtazame vizuri anataka kuchukua nini.

Nimemaliza. Mwenye tela aseme anafanyaje kwake, mwenye kubisha abishe, nasoma zote polepole. Ila kabla hujanibishia, nenda kwanza ukapapase ubavu wa tairi zako.