Kabuuza Hakulainishwa na Mtu

Kulikuwa na maiti kijijini, na majembe yote yalikuwa yamewekwa chini mpaka mazishi yapite. Kibandani kwa Erukaana Kabuuza tu ndiko nyundo ya mbao ilikoendelea kugonga gome juu ya gogo, na ilisikika mpaka msibani.

"Ssaalongo," mkewe alimwita kwa jina la baba wa mapacha, kutoka uani alikokuwa akimenya matoke, "watu hawalimi, wewe unagonga?"

"Umeniona na jembe?"

"Unavyolipiga utalipasua."

"Likipasuka nitalishona, Nnaalongo," alimjibu mama huyo wa mapacha.

Kabuuza alikuwa fundi wa lubugo, nguo ya gome la mti wa mtuba, na hapa Mawokota hakuna anayezikwa bila nguo hiyo. Alikuwa pia mlokole, na huko ndiko ugomvi ulikoanzia. Yokosofati Mukiibi, kiongozi wa ushirika wao, alikuwa amesimama ibadani akasema waganga hununua lubugo ili wapambe vibanda vya mizimu. Kwa hiyo fundi aliyeokoka azichome nyundo zake. Kisha akamgeukia Kabuuza na kumnyooshea kidole. "Gonda, ndugu. Gonda!"

Kwa Kiganda neno hilo ni kutii, na ni kulainika vilevile. Kabuuza alikuwa amelitumia maisha yake yote, lakini kwa magome.

"Nigonde kwa nani?" aliuliza. "Kwa Mungu au kwako?"

"Kwa Mungu."

"Basi mwache aseme mwenyewe, masikio ninayo. Na chumvi je? Waganga hawali chumvi? Mbona Tito hujamwambia afunge duka?"

Watu walicheka, Tito mwenyewe akiwemo. Yokosofati hakucheka. Tangu siku hiyo Kabuuza alipewa benchi la mwisho, karibu na mlango, na ikaamriwa kwamba hakuna ndugu wa kumpa mkono mpaka atubu. Hakutubu, na hakuhama kanisa. Kila Jumapili alikaa kwenye benchi lake na kuimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sasa aliyefariki alikuwa mama yake Yokosofati. Habari zilikuwa zimefika asubuhi na wanawake waliotoka kisimani: Yokosofati amenunua mashuka meupe ya kumzikia, na wajomba zake wameapa kwamba mwili hautoki ndani bila lubugo. Kwa hiyo angekuja. Kabuuza alikuwa na sentensi moja aliyomwekea, na kila nyundo iliposhuka aliirudia kimoyomoyo: *Nilizichoma nyundo, ndugu, kama ulivyoagiza.*

Yokosofati alifika kabla ya adhuhuri, viatu vimejaa matope. Alisimama nje ya kibanda kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Pole kwa msiba," alisema Kabuuza.

"Mama aliniomba lubugo," alisema Yokosofati. "Aliniomba kwa kinywa chake. Nikamkatalia. Tangu hapo hakunisemesha tena, mpaka amekufa."

Sentensi ilikuwa tayari kinywani. Kabuuza aliitazama nyundo aliyoishika, akamtazama mtu aliyesimama mlangoni, na neno lililomjia likawa lilelile la ibadani, gonda, safari hii bila kidole cha mtu. Alifumba mdomo, akaingia nyumbani.

Ndani alichukua lubugo lililokuwa juu ya rundo, lenye viraka vingi. Mkewe alikuwa amemfuata.

"Hilo limeshonwa mpaka limechoka."

"Ni lubugo au si lubugo?"

"Na lile jingine liko wapi?"

"Lile ni langu, unajua."

"Sijasema ulitoe. Nimeuliza tu liko wapi."

Lilikuwa sandukuni. Alikuwa ameligonga mwenyewe, jembamba, jekundu kama udongo wa kichuguu, lisilo na kiraka hata kimoja, akaliweka kwa ajili ya mazishi yake. Alikuwa amejisifia sana, mpaka watoto kijijini walijua Ssaalongo atazikwa na nini.

"Na hili pia?" alisema kwa sauti, na hakuwa akisema na mkewe. "Nimemnyamazia. Haikutosha?"

Jibu alikuwa nalo tayari, na hilo ndilo lililomkera. Alifungua sanduku kwa hasira, hata kifuniko kikagonga ukuta.

Yokosofati alipoona nguo aliitambua papo hapo. "Ndugu, hili ni la kwako."

"Ni la mama yako. Lichukue kabla sijabadili nia. Na usiende kutangaza kwamba umenigondesha."

"Sitasema hivyo."

"Maana tukishamzika mama, nitagonga. Mungu akiniambia niache, nitaacha siku hiyohiyo, na wewe utakuwa wa kwanza kujua. Kuhusu nyundo hajasema. Amesema kuhusu hili."

Yokosofati alilipokea kwa mikono yote miwili, akalikumbatia kifuani. Alitaka kumpa mkono, lakini mikono ilikuwa imejaa.

"Wacha," alisema Kabuuza. "Utanipa Jumapili, mbele ya watu. Unajua benchi langu liko wapi."

Mgeni alipoondoka, Kabuuza alirudi kibandani na kuinama juu ya gogo. Gome la asubuhi lilikuwa limepasuka katikati, mahali alipolipiga kwa hasira. Alilitandaza kivulini, akaitundika nyundo ukutani.

"Nnaalongo," aliita, "niletee sindano."